Oteng Seloilwe na Siku Kumi na Tisa za Kuonya Tu

Wazee wetu, mchungaji, wajomba, na nyote mliofika mapema hivi na mashali yenu mabegani, familia imemkabidhi Gorata, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya kaka yake, naye anaomba mmvumilie akikwama.

Marehemu Oteng Seloilwe alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Tonota, mtoto wa kwanza wa Rra Seloilwe na mkewe, akifuatiwa na Gorata peke yake, akaanza kutembea akiwa na miezi tisa, na mama yao anasema tangu siku hiyo hakumwona ametulia. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, sekondari akaimaliza Francistown mwaka 1997, kisha akaenda Gaborone kusomea kompyuta, akahitimu mwaka 2002, na mahafali yenyewe hakuyamaliza, alitoka nje katikati ya hotuba.

Januari 2003 aliajiriwa na maabara ya vipimo mjini Francistown, ambayo familia imeamua isitajwe, awe mtunzaji wa seva, yaani ile kompyuta kubwa iliyohifadhi majibu ya damu ya kliniki nyingi za upande huu. Pale alileta utaratibu wake uliowakera wengi, kila programu akaipa lebo, kila faili akaipa lebo, akaandika sera inayosema lebo ipi iguse ipi, na kisichoandikwa humo hakifanyiki, hata anayeamuru awe mkurugenzi. Programu ya kupokea picha za fomu, kwa mfano, iliruhusiwa kuweka picha kwenye chumba chake basi, haikuwa na ruhusa ya kuchungulia majibu ya mtu, hata mwizi angeiteka. Mkurugenzi wake, Mma Phokoje, alizoea kumuuliza, "Rra Seloilwe, hii seva ni ya maabara au ya baba yako?" naye alijibu bila kuinua macho, "Ni ya wagonjwa, Mma."

Tarehe 29 Septemba 2007 alifunga ndoa na Kelapile wa Serowe, na wamejaliwa watoto wawili, Tumo aliyezaliwa mwaka 2008 na Setso aliyezaliwa mwaka 2010, wote mnawaona hapo mbele, na wote wamerithi ile tabia ya kutikisa goti wakikaa.

Sehemu inayofuata iligombaniwa nyumbani siku mbili nzima, wajomba wakitaka irukwe, hadi Gorata aliposema kwamba ikirukwa watafute msomaji mwingine.

Jumanne tarehe 7 Juni 2011 wafadhili walikuja maabara kuona takwimu, na orodha waliyoitaka ikakataa kufunguka, kwa sababu mtu fulani aliihamisha kutoka kwenye folda yake binafsi, na faili ikihamishwa huondoka na lebo yake ya zamani, kwa hiyo sera iliiona kama mgeni, ikaizuia, kama ilivyopaswa. Dawa yake ni kutafuta faili yenyewe na kuibadilishia lebo, kazi ya robo saa, na Oteng alilijua hilo vizuri, lakini Mma Phokoje alikuwa amesimama mgongoni kwake akinong'ona, "Unaniaibisha mbele za watu, zima hicho kitu chako." Hakukizima, alikiweka katika hali ya kuonya tu, ambapo sera huandika kwamba kosa limetendeka lakini haimzuii mtu, akasema, "Dakika kumi tu, Mma, halafu narudisha." Orodha ikafunguka, wageni wakapiga makofi, Mma Phokoje akamshika mkono akampeleka kula nao, akamsifu kwa mara ya kwanza katika miaka minane, na yeye, mtu ambaye hakuwahi kusahau hata kufunga kitasa, akasahau.

Kwa siku kumi na tisa maonyo yaliandikwa na hakuna aliyeyasoma, kwa kuwa mambo yalikwenda vizuri mno. Jumapili tarehe 26 Juni mtu asiyejulikana hadi leo aliiteka ile programu ya picha, akatoka nayo chumbani kwake, akaingia kwenye majibu, na kufikia mchana majina ya watu mia mbili na kumi na wanne yalikuwa mtandaoni pamoja na majibu yao ya VVU. Jina la themanini na saba lilikuwa la Gorata, ambaye hakuwa amemwambia hata mama yake, na ambaye wajomba wa mchumba wake walikuwa waje kuposa wiki mbili baadaye, nao hawakuja.

Maabara ilitaka kutangaza kwamba ni wahuni wa mtandaoni tu, lakini Oteng aliandika barua ya ukurasa mmoja, akataja dakika zake kumi, akatia sahihi, na mwezi Agosti akafukuzwa. Kuanzia hapo alikuwa mtu wa barabarani, leo Maun, kesho Lobatse, akiwafungia watu programu zao kila moja chumbani kwake na kuwafundisha vijana kwa ukali, "Sera ikikukatalia usiinyamazishe, iulize inakataa nini!" Nyumbani hakumaliza sahani ya seswaa bila kushika simu kuangalia kama seva za watu bado zinazuia, Kelapile akimwambia, "Rra, nyama inapoa," naye akijibu, "Nakuja, nahakikisha tu."

Kila mwisho wa mwezi alifika kwa Gorata kule Tati Siding, akakataa kiti, akasimama mlangoni na mfuko wake wa unga, akauliza, "Umekunywa dawa, mdogo wangu?" na Gorata akamjibu, "Nimekunywa, wewe umekula?" naye akasema atakula mbele ya safari. Yeye hakuomba msamaha kwa mdomo, na Gorata, lazima lisemwe, hakuutoa.

Novemba 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Jumamosi tarehe 7 Septemba 2024 Gorata aliingia wodini na neno lake mdomoni, akamkuta anahangaika kitandani, anamsumbua muuguzi kuhusu kompyuta ya wodi, inazuia au inaonya tu, wote wakacheka, kengele ya kuondoa wageni ikalia, na Gorata akamwambia, "Lala kwanza, kesho tutaongea vizuri." Oteng alifariki Jumapili tarehe 8 Septemba, saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani walioleta kuni na masufuria, vijana aliowafundisha waliosafiri kutoka mbali, na Mma Phokoje, ambaye amekuja.

Neno lenyewe la Jumamosi ile ni hili. Gorata alimsamehe kaka yake mwaka 2016, anakumbuka na mwezi, ulikuwa Aprili, na kwa miaka minane alijiambia atamwambia akija tena, kwa hiyo anaelewa sasa, kuliko yeyote aliyepo hapa, jinsi mtu mwenye akili zake anavyosema dakika kumi tu.

Oteng, umesamehewa, pumzika.