Dkt. Gaudensi Likangaga: Mwalimu Aliyeweka Kalamu Akashika Sepetu

Dkt. Gaudensi Likangaga alizaliwa kijiji cha Mbingu tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Joachim na Mama Evelina, wakulima wa mpunga.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha seminari ndogo, akatoka bila upadri ila na maswali mengi. Mwaka 1987 alipata shahada ya sosholojia, akijikita kwenye dini. Kaka yake Faustin, mnunuzi wa mpunga hapa Mlabani, alimwuliza, "Kusomea watu wanavyosali! Hiyo bidhaa utamwuzia nani?"

"Subiri bei ipande, kaka."

Alifundisha chuo kikuu hadi 2021. Mwaka 1994 alikwenda kwenye kambi ya wakata miwa, Kidatu, kutafiti dini zinavyokaa pamoja. Wiki sita hakuna aliyemjibu la maana. Walimdhani ametumwa na wakubwa. Likizo ya masomo ilibaki mwezi mmoja. Akirudi mikono mitupu, shahada ya udaktari basi. Ndipo akakuta Waislamu wakimchimbia kaburi mwenzao Mkristo, akafungua daftari kuuliza nani anasali wapi. Mwishehe, mkata miwa, akamtazama kutoka shimoni: "Mwalimu, kalamu haichimbi. Shika sepetu."

Alichimba na viatu vyake vya kanisani, wakamcheka hadi naye akacheka. Jioni hiyo walimweleza yote. Aliandika kwamba kambini mtu hujua kwanza nani atamchimbia kaburi, ya kusali wapi huja baadaye. Udaktari aliupata 1997. Faustin alikiri: bei imepanda.

Tarehe 7 Julai 1990 alifunga ndoa na Fausta. Kila Jumapili alianza na Misa, kisha akaenda kusikiliza mahubiri ya wengine. Fausta alizoea kusema ana mume mmoja na madhehebu sita.

Figo zilianza kumsumbua 2023. Alifariki hospitalini, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, akiwa ameacha agizo moja: "Mchimbaji asiulizwe dini. Apewe sepetu."

Leo asubuhi Mzee Mwishehe amefika kutoka Kidatu na mkongojo wake. Faustin alimwamkia, akamsihi akae kivulini. "Gaudensi alichimba na viatu vya kanisani," Mzee akajibu, "mimi mwenye ndala nishindwe?" Akapewa sepetu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, Alex, Noela na Brigitha, wajukuu wanne na kaka yake Faustin.

Amewachimbia wengi, sasa naye apumzike kwa amani.