Waziri Aliyerudi Kugombea Umeya

Basi letu lilikwisha kuiacha Kharumwa, linaelekea Segese, abiria mwenzetu Nestory alipoitoa fomu mfukoni kwa mara ya tatu. Alikuwa diwani miaka kumi, kisha wapiga kura wakamwacha. Sasa majirani walitaka agombee uenyekiti wa kijiji, na mwisho wa kurudisha fomu ulikuwa saa kumi jioni hiyo.

"Mimi niliyekaa halmashauri," alimwambia mama aliyekuwa kando yake, "leo nikasuluhishe kesi za mbuzi?"

Mama huyo, Anisia, aliwahi kumpikia padri Mfaransa kule Ushirombo. "Kaka yake padri alianza na umeya wa kamji kadogo, akawa mbunge, akawa waziri. Mjamaa yule. Walipomwangusha, akarudi kugombea umeya ule ule."

"Ufaransa nako kuna wajamaa?"

"Wapo, baba, ila wao jibini wanakula, si unga wa foleni kama wajamaa wetu."

Gari zima likacheka. Mimi sikuona kosa la jibini.

"Na huyo waziri hakuona aibu?" aliuliza Nestory.

"Padri alimwuliza kwa barua. Akajibu kwamba uwaziri alipewa na mtu mmoja, umeya alipewa na majirani."

"Hayo ya Wazungu, mama," alisema Nestory, na gari liliposimama Segese akashuka kuelekea ofisi ya kata, bado anabisha.

Nestory alishinda, na ni mwenyekiti mpaka leo. Anisia anauza mchele Kagongwa. Yule kaka wa padri, Anisia aliniambia Nestory alipokwisha kushuka, alishindwa hata huo umeya, akaishia kufuga nyuki.