Fundi Usi na Miguu ya Barazani

Tarehe 30 Juni 1913 Fundi Usi Makungu anaweka nyundo chini. Ametumika miaka ishirini na miwili: kumi na minne gatini, minane kwenye reli yetu.

Ni mtu wa Chukwani, mwembamba, mpenda kahawa chungu, na hakuna chuma kinachomdanganya. Lakini mwaka 1906 alikosea, na kosa hilo humsimulia mwenyewe kila mgeni wa kazi. Lilikuja behewa jipya. Akapima kichochoro cha mtaa wa Malindi, reli inakopita kando ya baraza, asubuhi kikiwa kitupu, akasema litapita. Likapita alasiri, watu wako barazani wamenyoosha miguu. Mzee Darwesh, muuza kahawa, anachechemea mpaka leo.

Mwaka jana ukaletwa mfano wa injini mpya, mdogo kama paka, ukaguliwe kabla injini yenyewe haijaagizwa. Ulikuwa mzuri, sisemi uongo. Rangi ya kijani, bomba la moshi, kila ribiti mahali pake, magurudumu yakizunguka kwa kidole. Mhandisi wa reli alitaka Fundi atie sahihi ya kuukubali siku ile ile. Fundi akausifu, kisha akapima vidaraja vya kupandia, vilivyotokeza pembeni. Inchi moja ya mfano ni inchi kumi na mbili za injini. Akakata mwanzi wenye urefu sawa na upana wa injini pamoja na vidaraja, akatuita makuli barazani alasiri.

“Miraji, kaa kama mtu aliyechoka,” akaniambia.

Nimetoka Unyanyembe kuja kubeba vyuma. Hilo sikuhitaji kufundishwa. Mwanzi ukapitishwa juu ya reli, ukanigonga goti. Mhandisi akasema tumekaa hivyo kwa inda.

“Basi kaa wewe, bwana,” Fundi akamjibu.

Sote tukatazama chini, maana watu wamefukuzwa kazi kwa maneno madogo kuliko hayo. Mzee Darwesh akasogea kumpisha. “Karibu, bwana. Nyoosha miguu, hapa hatupigwi picha.”

Mhandisi akakaa, akapewa kahawa, akajisahau. Mwanzi ukamvua kiatu.

Hakucheka. Lakini injini ilipofika, vidaraja vyake vilikuwa vimeingizwa ndani, na mpaka leo haijagusa mguu wa mtu.

Fundi, ahsante. Ulitukaripia sana, mara nyingine bila ya sababu. Mungu akupe afya na usingizi mnono. Kesho alasiri utakaa kwa Mzee Darwesh, nasi tutapita na gari la moshi.

Nyoosha miguu. Tumeshapima.