Benchi la Maoni

Mtaa wa Dallas, mjini Embu, nyuma ya ploti moja ya vyumba vya mabati, kuna benchi refu lililotandikwa magunia. Hapo Abdirahim huuza kahawa ya tangawizi, na hapo wapangaji wawili, Injinia na Waziri, humalizia jioni zao. Injinia hajawahi kujenga hata banda la kuku. Waziri aligombea uenyekiti wa ploti akashindwa, jina likabaki. Jioni hiyo Kanini, ambaye majirani humwita Mama Lennox, alifika na mtoto mgongoni. Upepo ulikuwa umeng'oa upande mmoja wa bati juu ya kitanda chao, na wingu zito lilikuwa linashuka kutoka upande wa Kibugu. Alitaka kuomba msaada, lakini aliona haya. Akasimama kando, akingoja waulize.

— Mama Lennox, hilo bati uliripoti? Waziri akauliza.

— Niliripoti kwa simu, kwa ajenti wa mwenye ploti. Wakanitumia picha za nyuso, wakaniambia nichague uso unaoonyesha vile ninajisikia.

— Ukachagua upi?

— Unaolia.

— Wakasemaje?

— Asante kwa kutushirikisha.

Kicheko kikalipuka.

— Hao wataalamu wa ajenti ni bure kabisa! Injinia akasema. Si walikuja hapa na karatasi za rangi, wakabandika ukuta mzima? Eti tuchore safari ya mpangaji. Safari gani, na mimi natoka chumbani naenda choo?

— Mimi nilichora hicho choo, Waziri akasema. Wakanipigia makofi. Choo bado kimeziba.

— Na unajua kwa nini hawatengenezi? Wanauza huzuni yetu ng'ambo. Huko kuna mashine zinafunzwa kulia.

— Wacha zako! Ajenti anataka tuhame, ajenge hoteli ya watalii wa mlima.

— Mtalii gani alale hapa, Waziri? Hata panya wa hii ploti wanatafuta kwingine.

Abdirahim akaongeza kahawa kwenye vikombe.

— Lakini msiwalaumu sana, wazee. Si benchi mlipata?

— Benchi! Waziri akabetua midomo. Walisema tuwe na mahali pa kukaa tutoe maoni, halafu hawakuleta hata ubao mmoja. Ni sisi tulijitafutia kitu huko nyuma ya tangi la maji.

Kanini akajikaza.

— Wazee, nilikuwa naomba...

— Ngoja kidogo, Mama Lennox, Injinia akamkatiza. Si ni hiyo shida yako tunaongea?

Tone la kwanza likamwangukia mtoto shavuni. Akaanza kulia. Kanini akamvutia leso kichwani.

Ndipo akatokea Khalif, mpangaji aliyehamia chumba cha jirani wiki hiyo. Alikuwa amesikia bati likipigapiga, akaja na nyundo na misumari mkononi.

— Salaam aleikum. Dada, hilo bati nitalipigilia sasa hivi kabla haijanyesha. Wazee, ngazi ya ploti iko wapi?

Injinia akachungulia ndani ya kikombe chake. Waziri akaangalia mlima, ingawa mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu. Abdirahim akapangusa birika lililokuwa safi.

Kanini akainamisha macho, kama kawaida yake. Pale gunia lilipokunjika, katikati ya wanaume hao wawili, akaviona vidato vya ngazi vimelazwa juu ya mawe.

— Inukeni, akasema.