Amefika? Kumbukumbu ya Lowell Sedlacek, Ghala wa Orvin

Wasikilizaji wapendwa, kama mko jikoni punguzeni moto. Kama mko shambani juu ya mashine ya kuvunia, msisimame, mahindi hayamsubiri mtu, lakini ongezeni sauti. Leo tunamkumbuka Lowell Sedlacek. Lowell Sedlacek wa hapa Orvin, yule ambaye nusu ya kaunti hii ilimwita Ghala.

Lowell amefariki Jumanne, akiwa na miaka hamsini na minane. Moyo wake ulisimama akiwa katikati ya shamba lake, amekaa kwenye kiti cha mashine. Mkewe, Marcy, anataka mjue jambo moja: mashine aliikuta imezimwa. "Alijisikia vibaya, akazima injini kwanza," anasema Marcy. "Lowell hakuwa mtu wa kuacha kitu kikienda ovyo."

Leo hatutalia sana. Marcy amekataza. Amepiga simu hapa studio akasema, "Waambieni habari ya Sandell. Wakitaka kulia, walie kwao, baadaye." Basi tunawaambia habari ya Sandell.

Ilikuwa vuli ya mwaka 1983. Lowell alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na alikuwa jitu. Akisimama mlangoni, darasa linaingia giza. Ndiyo maana ya jina Ghala. Katika mpira wa Kimarekani alicheza ukutani, ile safu ya mbele inayomkinga mkimbiaji, kulia kwa mtu wa kati anayetoa mpira. Na mtu wa ukuta kazi yake mnaijua. Mpira haugusi. Anamsukuma aliye mbele yake ili mkimbiaji apate pa kupita. Mkimbiaji akipita, anashangiliwa mkimbiaji.

Mkimbiaji wetu alikuwa Terry Obermiller. Mfupi, mwepesi, masikio makubwa. Terry alitaka kusomea udaktari wa mifugo, na kwao chuo kilikuwa hakizungumzwi hata mezani. Njia ilikuwa moja tu: mpira umlipie ada. Na kulikuwa na kocha wa chuo aliyeahidi kuja kumtazama katika mchezo wa mwisho wa msimu, Ijumaa, dhidi ya Sandell. Shikeni hilo. Ijumaa, dhidi ya Sandell, mgeni anakuja kumtazama Terry.

Shida ni kwamba mbio zetu zilikuwa zimekufa. Zimekufa kabisa! Terry anapokea mpira, anafika ukutani, wapinzani wanamlalia, anazikwa. Anapokea tena, anazikwa tena. Tulikuwa tumefungwa wiki baada ya wiki, na majukwaani watu walishachoka.

"Mtoeni huyo sungura! Anaogopa!"

"Obermiller, nyasi tamu? Mbona unazila kila dakika?"

Mama yake Terry alikuwa palepale jukwaani, anasikia yote.

Sasa, wenyeji wa Orvin mnakumbuka Jumapili zetu. Baada ya ibada, watu wote tulishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Kina mama walipakua maharage yenye nyama na pilipili, na kando yake mikate ya mdalasini. Kocha Wendell Stroud aliwasha projekta, akaonyesha filamu ya mchezo wa Ijumaa. Alikuwa anavaa kipenga shingoni hata kanisani. Kila mpira ulipochezwa, alisimamisha filamu akataja majina ya watu wa ukuta, mmoja mmoja. Kama mtu amemsukuma mpinzani wake, ukumbi mzima unaitikia "Ndiyo!" Kama amesukumwa yeye, "Hapana!" Mwenye Ndiyo nyingi anapewa mkate wa katikati ya sinia. Ule laini, unaoelea kwenye sukari.

Msimu mzima mkate wa katikati aliula Lowell.

"Ghala?"

"Ndiyo!"

"Ghala?"

"Ndiyooo!"

Ndivyo tulivyopima. Mpinzani wake kaanguka? Basi kazi yake nzuri. Na Terry akizikwa hatua moja nyuma ya mgongo wa Ghala, hilo tulimwachia Terry. Hakuna aliyeona kasoro katika hesabu hiyo. Hakuna hata mmoja, na ukumbi ulikuwa umejaa.

Jumapili ile, siku tano kabla ya Sandell, Lowell alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma, mkate mkononi, akijitazama kwenye filamu. Alipenda kujitazama. Nani asingependa? Alikuwa akiwafagia watu kama majani makavu. Kocha akarudisha filamu nyuma, akaipeleka mbele, akairudisha tena, kama kawaida yake. Na katika kurudi kule, jicho la Lowell likamkosa Lowell. Likaangukia kwa mtu mwingine, mpinzani aliyesimama nyuma ya ukuta wa timu yake. Mpira ulikuwa bado haujatoka mikononi mwa mtu wetu wa kati, na yule mtu tayari alikuwa ananyoosha kidole. Hakumnyooshea Terry. Alimnyooshea Lowell.

Lowell akaacha kutafuna.

Akatazama mpira uliofuata. Kidole tena. Akajitazama upya, si mabega safari hii, bali mkono ulioshika ardhi na kisigino. Kila alipotakiwa kusukuma mbele, uzito wote ulilala kwenye mkono na kisigino kikapaa. Kila alipotakiwa kuchomoka akimbilie kushoto kumfungulia Terry njia, alikaa nyuma na mkono ukawa mwepesi. Kila mara. Bila kukosea. Timu zilikuwa zikibadilishana filamu, na kila timu ilikuja Orvin ikijua. Ghala alikuwa anawaambia njia ya Terry kabla Terry hajaanza kukimbia.

Kocha Stroud akazima projekta. Akasafisha koo.

"Ijumaa Obermiller atakaa benchi," alisema. "Tunajaribu mtu mwingine. Si adhabu, Terry."

"Sawa, Kocha," Terry alisema, macho kwenye viatu vyake.

Watu walipiga makofi. Mtu mmoja akampiga Lowell begani. "Angalau tuna wewe, Ghala!"

Mama yake Lowell, Adeline Sedlacek, alikuwa anapita na birika la kahawa. Adeline hakuwa mtu wa kubembeleza. Akautazama mkate ulioumwa mara moja.

"Umeacha chakula? Unaumwa?"

"Siumwi, Mama."

"Basi sema kinachokukaba. Au meza."

Wasikilizaji wapendwa, fikirieni kijana wa miaka kumi na saba, kipenzi cha mji, mkate wa katikati uko mikononi mwake. Angemeza tu. Nani angejua?

Lowell alisimama. Kiti kikaanguka.

"Kocha, washa tena. Si Terry. Ni mimi."

Ukumbi ulicheka. Walidhani anamtetea rafiki. Lowell akaenda mbele, na kila mara kabla mpira haujatoka akasema, "Hapa nasukuma mbele. Hapa nakimbilia kushoto. Hapa mbele." Yote sahihi.

"Si ajabu, ulikuwepo!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na wakacheka tena.

"Mama," Lowell akasema. "Njoo."

"Mimi? Mimi mpira sijui hata umejaa nini."

"Ndiyo maana. Tazama kisigino changu. Kikipaa, sema mbele. Kikilala, sema kushoto."

Adeline akasogea, birika bado mkononi. "Mbele," alisema. Lowell wa kwenye filamu akaenda mbele. "Kushoto." Akaenda kushoto. "Mbele. Mbele. Kushoto. Ee, mwanangu, hata ng'ombe angejua!"

Hapo hapakuwa na kicheko. Kocha Stroud alikaa kwenye kona ya meza, juu kabisa ya sahani ya mtu.

"Sisi wote tulipiga kelele Ndiyo," alisema taratibu.

"Basi nikae mimi, Kocha," Lowell akasema. "Terry acheze."

"Ukae?" Kocha alinyanyuka. Macho yake yalikuwa yameanza kuwaka. "Ukae wapi? Wewe ndiye mwongo wetu wa Ijumaa."

Lowell akauchukua mkate wake, ule wa katikati, ulioumwa mara moja, akauweka mbele ya Terry.

"Umeshautafuna," Terry akasema.

"Kula upande mwingine, wewe sungura."

Wiki ile Lowell alifanya mazoezi jikoni kwao. Kila jioni anainama kati ya meza na jiko, na mama yake amesimama mlangoni na mwiko. Kazi ya Adeline ilikuwa kubashiri. Jumatatu alipatia. Jumanne alipatia. Jumatano Lowell aliulaza uzito wote kwenye mkono, kisigino kikapaa, Adeline akasema "Mbele!" na jitu lile likachomoka kushoto na kubomoa mlango wa stoo. Adeline yupo hai, ana miaka themanini na saba, na jana alituambia hivi: "Nilifurahi hadi nikasahau kumgombeza kwa mlango. Ndiyo mara pekee aliyonidanganya maishani mwake."

Ijumaa ikafika. Baridi kali, pumzi za watu zinaonekana. Mgeni wa chuo amekaa safu ya juu, koti la rangi ya udongo. Sandell walikuja na mlinzi wao wa nyuma ya ukuta, Randy Teske, mwenye mdomo kuliko redio hii.

"Ghala! Unakuja kwangu, sivyo? Njoo, baba, njoo!"

Na Lowell alikuja! Uongo wenyewe ulikuwa wa mara moja tu. Ukitumika mapema, Sandell wangeamka. Kwa hiyo mchezo karibu wote Lowell alicheza kwa ukweli wake wa zamani, kisigino juu anakwenda mbele, kisigino chini anakwenda kushoto, na Randy akanyoosha kidole na kumzika Terry. Terry alijua. Terry alikubali. Alizikwa, akasimama, akazikwa. Majukwaa yalichemka.

"Kocha, umerogwa? Mtoe Obermiller!"

Mwisho ukakaribia. Sandell wanaongoza kwa pointi tano. Mpira ni wetu, wa mwisho, na mstari wa Sandell, ambao Terry akiuvuka ni pointi sita, uko mbali kweli. Kule juu mgeni amesimama, anafunga zipu ya koti lake.

Lowell akainama. Akaulaza uzito wote kwenye mkono, hadi vidole vikazama kwenye tope. Kisigino kikapaa.

"Mbele!" Randy akapiga kelele, kidole kimenyooka. "Huyo anakuja, jamani! Wote huku, wote!"

Sandell nzima ikajikusanya kama kuku kwenye pumba.

Mpira ukatoka. Na Ghala akachomoka kushoto!

Wasikilizaji, jitu lile lilikimbia! Jukwaa zima likasimama kabla halijajua kwa nini. Nyuma yake Terry, mpira kwapani, kiganja kimoja mgongoni mwa Lowell, kama mtu anayemsukuma farasi atoke zizini. Randy Teske aligeuka akiwa amechelewa. Mbele yao alibaki mtu mmoja tu, mlinzi wa pembeni. Lowell akamwingia kwa bega, wote wawili wakaanguka, na Terry akaruka juu ya miguu yao. Akaenda. Akaenda! Masikio yale, miguu ile, na uwanja wote mtupu mbele yake.

Lowell hakuona. Uso wake ulikuwa kwenye tope na mtu amemlalia kichwani. Alisikia kelele tu, na kelele za majukwaa mawili zinafanana. Akamshika mguu mtu wa kwanza aliyepita.

"Amefika?"

Mtu huyo alikuwa Randy Teske. Randy alivua kofia yake ngumu, akaitupa chini.

"Amefika, mshenzi wewe. Amefika."

Mgeni wa chuo alifungua zipu ya koti lake, akakaa tena, akamsubiri Terry hadi taa za uwanja zilipozimwa. Leo Dokta Terry Obermiller ndiye anayezalisha ng'ombe wenu usiku wa baridi. Mnamjua.

Na Jumapili iliyofuata Kocha Stroud hakuuliza "Ghala?" Aliuliza, "Terry amefika wapi?" Tangu hapo ndivyo ukumbi ule unavyopima. Kwanza mkimbiaji kafika wapi, ndipo tunamtazama mtu wa ukuta na mchango wake. Lowell mwenyewe alirudi kufundisha ukuta wetu, miaka na miaka, bila kukosa vuli moja. Kijana akijisifu, "Kocha, nimemlaza yule!", Lowell alijibu, "Vizuri. Amefika?" Marcy anasema hata nyumbani ilikuwa hivyo. "Nikimwambia nimefua, ananiuliza zimekauka? Nilitaka kumpiga na kapu."

Alhamisi majirani walipeleka mashine zao wakamalizia shamba la Lowell. Hakuna aliyeitwa. Na jana, Jumamosi, tulimzika. Jeneza lilibebwa na vijana aliowafundisha, wa ukuta wote, mabega kama milango. Nyuma yao alitembea Terry Obermiller, kiganja kimoja kimelala juu ya jeneza, njia nzima, kutoka mlango wa kanisa hadi kaburini. Walipoliweka chini, Terry hakuondoa mkono mara moja. Aliinama, na tuliokuwa karibu tulisikia.

"Umefika, Ghala."

Kwako Marcy, kwako Mama Adeline, na kwa Sedlacek wote: poleni. Poleni sana. Mji huu ulimpigia Lowell makofi kwa kosa lake, na yeye ndiye aliyetusahihisha. Tunamshukuru.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, Ijumaa hii mtakuwa uwanjani, tunawajua. Fanyeni jambo moja kwa ajili yake. Mpira mmoja tu, acheni kuutazama mpira. Chagueni mtu mmoja wa ukuta, mtazameni tangu anapoinama hadi anapofunikwa na tope. Kisha inueni macho muone mkimbiaji amefika wapi. Na kama mtoto huyo wa ukuta bado yuko chini na hajaona, mwambieni.