Pamba Isiguse Pua Yangu Mpaka Thankam Aje

Jayadevan, funga mlango, na simu yako ibaki huko nje. Rugmini, njoo upande wa sikio lisikialo. Wanangu, nayasema haya wakati ulimi bado ni wangu, kwa sababu lipo jambo linalonitisha kuliko kifo chenyewe, na nikilinyamazia litanikuta nimelala hapa siwezi kulikataa.

Naogopa mtanichoma kabla sijafa.

Usicheke, Jayadevan. Nimekuona.

Mnajua nilianza kwenye tamthilia za chama cha siasa, nikipiga kelele ili wakulima wa nyuma wasikie, kisha nikachukuliwa na Unnithiri, mwongozaji aliyetengeneza filamu zisizo na nyimbo wala ngumi, ambazo watazamaji wake wote wangeenea kwenye basi moja. Kamera ya Unnithiri haikukatizwa. Ilikaa mahali pamoja ikikutazama kama mkwe mwenye kinyongo, na wewe ulitakiwa usifanye lolote, na kutofanya lolote ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikajifunza kuvuta pumzi kutoka chini ya kitovu ili kifua kisicheze.

Katika filamu ile ya mjane wa Pattambi walinilaza kama maiti sakafuni juu ya jani la mgomba, kichwa kusini, taa ya mafuta ya nazi utosini. Nzi akaja akatembea juu ya mdomo wangu, nami sikutikisika. Pappachan, fundi wa taa za kamera, akaweka kiganja puani mwangu, akapiga ukelele, "Jamani, dada kaenda kweli!" Unnithiri akamjibu, "Nyamaza wewe, kamera inazunguka." Hayo mmeyasimulia hadi harusini, watu wakacheka. Msilolijua ni kwamba nilisikia. Nilisikia kila neno, nikataka kufumbua macho, macho yakakataa. Nikauita mkono, haukuitika. Nilikaa mle ndani kama mtu aliyefungiwa stoo, anagonga, na wenyeji wanazungumza sebuleni. Kilichonirudisha sikijui hadi leo. Filamu ikapata medali, na gazeti likaandika kwamba hakuna aliyewahi kufa vizuri kama mimi.

Na desturi ya kazi yetu mnaijua: mwigizaji akishakufa, kabla hajainuka, kamera humpiga picha tena akicheka, ili kifo kijue kwamba ulikuwa mchezo. Unnithiri hakuamini mambo hayo. Akaniambia, "Mkanda wa filamu ni ghali, dada. Utacheka nyumbani." Nikaenda nyumbani, nikamkuta bibi yenu barazani anatafuna tambuu. Mama wa baba yenu hakuipenda kazi yangu hata siku moja. Akasema, "Mwanamke anayelia kwa mshahara, mimi siku yangu atanililia kwa rupia ngapi?" Sikucheka.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi mwezi uliopita sikuona ung'ongo, nilimwona nyoka mwenyewe. Nilikuwa kitandani hapa hapa, nimerudi kutoka hospitali, na televisheni ikatangaza kwamba nimefariki. Nani aliwaambia sijui. Wewe, Jayadevan, ulikuwa njiani kutoka Kochi, ukaamini, ukaanza kupiga simu za kupanga mazishi. Nikasikia shoka. Mtu alikuwa anaukata mwembe wa kusini, ule ambao kwa desturi yetu huangushwa ili kumchoma mwenye nyumba, na kila pigo lilinifika mgongoni kupitia kitanda. Nikasikia wanaume wakiburuta jokofu la kioo sebuleni, lile la kulazia maiti, wakiulizana soketi iko wapi. Jirani yetu Kochammini akachungulia hapa mlangoni na maua tele mikononi: "Ee! Dada, hujafa? Sasa haya niyapeleke wapi?" Rugmini akatoka na kijiko: "Mama anakunywa uji, wendawazimu nyie! Ondoeni jokofu lenu!" Na yule wa jokofu akamjibu kwa adabu, "Tuliache tu hapa, dada? Tusije tukafunga safari mara mbili."

Mlicheka baadaye. Mimi nilijiuliza: kama ningekuwa usingizini, je? Kama Rugmini angekuwa sokoni, je?

Sikulaumu, mwanangu. Dereva alinieleza ulivyolia garini. Lakini wewe ni mtu wa kupanga mambo, na maiti ya mtu wa filamu ni mali ya umma. Serikali italeta askari wa kupiga bunduki za heshima, waziri atataka saa yake, televisheni itataka uso wangu. Kila mmoja atakuwa na haraka, na hakuna atakayeuliza kama nimemaliza kufa.

Basi shikeni maneno haya. Nyumba ni ya Rugmini, kwa kuwa ndiye aliyeninawisha. Shamba la mpunga la Pattambi ni la Jayadevan, na asiliuze kwa wachimba udongo wa matofali. Ugomvi wenu wa ukuta wa ua uishe leo. Tangu baba yenu atutoke hamjala meza moja, na mgonjwa akilindwa na watu wasiosemezana, nani atamwambia mwenzake, "Ngoja, nimeona kope imecheza"? Mtakaa wote wawili, mmoja huku na mmoja huku, na mtasemezana. Hata kutukanana, tukananeni. Nisikie.

Pamba isiguse pua yangu, wala mchele wa kuagia maiti usitiwe kinywani mwangu, mpaka daktari Thankam avuke barabara kwa miguu yake mwenyewe, siyo kwa simu, anipime, akae anywe chai, anipime tena. Jokofu lisiwashwe kabla ya hapo. Kama ni lazima ninuke, nitanuka. Afadhali ninuke kuliko nigonge kioo. Waziri akisema ndege inamsubiri, mwambieni aiwahi.

Nipe maji. Taratibu, yanapita vibaya.

Bhagavati wa hekalu letu awape... awape watoto wa kuwakalia hivi, siku yenu. Asiwape haraka. Rugmini, kisu cha maneno ulicho nacho kisimguse kaka yako. Jayadevan, dada yako akikwambia ngoja, ngoja. Nimewabariki, wote wawili, kwa kinywa hiki.

Nimechoka sasa. Nitafumba macho... kidogo tu. Shika mkono huu. Wewe, shika ule. Mbona mnanyamaza? Semeni kitu. Semeni, kila mara... hata kama sijibu.

Msimwite mtu. Napumzika tu.

Bado nawasikia.