Udongo Umechacha, Hawe Akalaumiwa

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana wenzangu nitawasalimia baadaye, maana mkianza kujibu hatutamaliza leo.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima ameniomba niseme habari ya shamba letu, lilivyokufa na linavyofufuka, na nisitaje jina la mtu. Sitataja. Mimi mwanijua, ndiye yule aliyetangaza hapa kwamba atalima matikiti auzie mahoteli yote ya Watamu. Chekeni tu. Bado nitayalima. Lakini habari ya shamba letu siwezi kuieleza bila ya hawe yangu, nyanya yangu aliyenilea tangu mama alipofariki.

Kwetu twalima mahindi na kunde. Miaka yote mbolea yetu ilikuwa moja, ile ya kupandia, na mabua twayachoma ili shamba liwe safi. Mahindi yakaanza kudhoofika. Tukasema ni mvua. Mvua ikaja nzuri, majani yakatoka manjano pembeni, mengine rangi ya zambarau, na magunzi madogo kama kidole cha mtoto. Tukaongeza mbolea ile ile. Yakazidi kuharibika.

Ndipo likatoka neno ambalo nyote hapa mwalijua. Shamba limefungwa, yaani limerogwa.

Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo likishatoka halikai hewani. Latafuta mtu wa kumkalia. Na hawe yangu alikuwa mzee, kichwa cheupe chote, na huamka kabla ya jogoo kwenda kung'oa magugu peke yake. Watu wakaanza kuulizana: huyu bibi huenda kufanya nini shambani alfajiri yote hiyo?

Mimi sikuwa na habari. Siku moja nilikuwa naenda Malindi, akaniita.

"Mjukuu wangu, ukipita Muyeye niletee piko."

"Piko, ile rangi nyeusi ya nywele? Hawe, umepata mchumba?"

"Wako wengi. Wewe lete piko."

Nikacheka njia nzima. Nikanunua, nikampaka mwenyewe uani, amekaa kwenye kigoda na leso mabegani. Nikamwambia sasa amekuwa msichana wa shule. Akauliza, "Imeshika yote? Angalia na nyuma ya masikio." Nikasema imeshika. Akarudia, "Angalia vizuri, usibakishe hata mmoja mweupe."

Hapo sauti yake ndiyo iliyonishtua. Nikamtazama machoni, nikaelewa. Hakuwa akitafuta kupendeza. Alikuwa akificha mvi zake asije akauawa. Mwajua yaliyowapata wazee wengine wenye mvi huku kwetu walioitwa wachawi, sina haja ya kueleza.



Piko haikusaidia. Mchana mmoja tulikuta jembe lake limetupwa barabarani, mpini umevunjwa. Baba mdogo, mwanawe wa kumzaa, akaja akasimama mlangoni, hakuingia. Akasema, "Mama, nenda Dabaso kwa dada yako ukapumzike kidogo, watu watulie."

Hawe akamuuliza, "Na wewe umetulia?"

Hawe akafunga nguo zake ndani ya leso, akaondoka. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Hakulia. Njiani alikuwa ananiuliza kama nimekula.

Nikawa nakwenda kumtembelea Dabaso. Huyo dada, mdogo wake, alimpokea vizuri, Mungu ambariki, lakini mtu aliyelima maisha yake yote ukimkalisha uani akichambua mchele wa watu, anapungua. Nilimwona akipungua. Kila nikifika huniuliza, "Mahindi yasemaje?" Nami namdanganya kwamba yanaendelea. Na nilijua kwamba akifia pale, atakufa akiitwa mchawi, na jina hilo litazikwa naye.

Kule nyumbani mahindi yalizidi kuwa manjano. Hawe hayupo, na shamba bado limefungwa. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti.

Basi wengi wenu mwakumbuka mkutano ule, afisa wa kilimo alipokuja na ramani ya udongo ya nchi nzima. Dada yule mwembamba, kaibandika ukutani, rangi tupu. Akatuonyesha kwetu. Rangi moja ya machungwa, imeanzia kwetu ikapita shamba la baba mdogo, ikapita la mwenyekiti, ikapita hata kiwanja cha kanisa na cha msikiti.

Akasema, "Eneo hili lote ni mchanga, rutuba imekwisha, na udongo umechacha."

Mzee mmoja akauliza, "Umechacha kama wali wa jana?"

"Naam, mzee, kama huo. Mahindi yanatiliwa chakula lakini hayawezi kukila."

Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Akasimama akauliza, "Na nani aliyeuchachisha?"

Nyote mlijua anauliza nini. Dada wa watu hakujua. Akajibu tu, "Si nani, mzee. Ni nini. Ni mbolea ya aina moja mwaka hadi mwaka, ni mabua kuchomwa, ni mvua kuosha mchanga. Lakini ramani yaonyesha eneo, haioni shamba moja moja. Nipeni udongo wenu tuupime."

Nani na nini. Herufi moja, jamani. Kwa herufi moja hawe yangu alifukuzwa kwake.

Tukachimba udongo, wetu, wa baba mdogo na wa majirani. Majibu yakarudi: umechacha wote. Siku hiyo hiyo baba mdogo akapanda boda mpaka Dabaso, mimi nyuma yake. Akapiga magoti uani.

"Mama, nimekuja kukuchukua."

"Mahindi yamepona?"

"Bado, mama. Lakini tumejua si wewe."

Hawe akaendelea kuchambua mchele. "Mimi nilijua tangu mwanzo," akasema.

Alirudi. Tumetia chokaa ya shamba, tumetia samadi, mabua hatuchomi tena, yanaozea pale pale. Mbolea tumebadilisha kulingana na kipimo, na twaitia kidogo kidogo, maana mchanga wetu hauwezi kuishika kwa pamoja. Msimu huu tumevuna. Si ajabu, lakini mahindi ni mahindi, yamejaa punje.

Hawe hajakanyaga shambani hata leo. Nikimwita asema jua kali. Hata asubuhi kukiwa na mawingu, asema jua kali. Udongo ukichacha watiwa chokaa. Ya kumtia yeye sijaiona ikiuzwa Malindi wala Kilifi.

Namshukuru yule dada wa ramani, ambaye hajui mpaka leo alichokifanya. Namshukuru nyanya wa Dabaso aliyempokea hawe. Nakishukuru kikundi hiki, chokaa mliinunua nasi kwa pamoja. Na baba mdogo, nakushukuru kwa yale magoti. Ninalowaomba ni hili: shamba likikataa, chimbeni udongo mkaupime kabla hamjamtazama mzee yeyote kichwani.

Sasa nakaa. Hawe mwamwona, yuko pale nyuma karibu na mlango. Viti vya kulia na kushoto kwake ni vitupu tangu tuanze, nimekuwa nikivitazama nikiongea. Kimoja naenda kukalia mimi.

Cha pili nawaachia nyinyi.